MANZESE SI PANGO LA WEZI

Yapo maneno ambayo kila mtu atokaye mkoani huambiwa kabla hata hajakata tiketi ya basi. Huambiwa: "Ukifika Dar es Salaam, Manzese ipite mbio." Huambiwa: "Mjini shule." Na siku akiibiwa, wale wale waliomwambia humcheka, humwita mshamba, na mambo huishia hapo.

Sisi twasema mambo hayaishii hapo. Mtu aliyeibiwa kisha akachekwa ameibiwa mara mbili, na mara ya pili ameibiwa na ndugu zake. Twataka leo kusema waziwazi juu ya wizi huu, nani hasa humwibia mgeni, na ni nani aliyepaswa kumlinda akakaa kimya. Wapo watakaokasirika. Wakasirike.

Kwanza Manzese yenyewe. Wasemao kwamba Manzese ni pango la wezi hawajui, au wamesahau makusudi, ni watu gani waliokaa pale. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968, watu waliosokota nyuzi na kufuma khanga walilala wapi? Wapagazi, wachuuzi, mafundi, mama lishe wa mji huu walilala wapi? Serikali haikuwa na nyumba za kuwatosha, na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, halikuweza hata nusu ya kazi hiyo. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 272,000. Sensa ya mwaka 1978 ilikuta mkoa mzima umekwisha kupita 800,000. Watu hawa hawakungoja kupimiwa viwanja. Walijenga wenyewe kando ya Barabara ya Morogoro, kwa miti na udongo, kisha kwa matofali, chumba baada ya chumba, na katika miaka ya 1970 Serikali ikakubali kwamba mji huu haubomoleki, ikaingiza Manzese katika mpango wa kuboresha makazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huo ndio ukoo wa Manzese. Ni mji wa wafanyakazi. Wezi wamo, kama walivyomo Oysterbay, ila wa Oysterbay wengine huiba kwa kalamu na hawakimbizwi na mtu.

Na wageni hawajakoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Miaka kumi, watu zaidi ya milioni moja. Wapo waliozaliwa hapa, lakini wapo wengi mno walioshuka katika basi na begi moja na namba moja ya simu.

Twauliza: watu hawa hupokelewa na nani?

Hupokelewa na mpiga debe. Zamani yule mpiga debe alikuwa Ubungo, na mgeni akitoka pale kwa miguu aliingia Manzese. Tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani hushusha Mbezi Luis, katika Stendi ya Magufuli, jengo kubwa na zuri. Stendi imehama, mchezo haukuhama. Kijana mpole hukujia, akuite shangazi au mjomba, ashike begi kabla hujasema ndiyo wala siyo. Mwingine hukuambia, "Mwenyeji wako kanituma nikupokee." Ndugu msomaji, mwandikie mdogo wako aliye kijijini jambo hili moja: mtu akisema katumwa, aulizwe, "Katumwa na nani, jina lake nani?" Asitajiwe jina yeye kwanza. Aliyetumwa kweli hulitaja. Asiyetumwa hugeuka mkali, na ukali ule ndio jawabu.

Tena tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, wageni wengi huteremka saa nane au saa tisa za usiku. Hatuoni haja ya mtu kuona haya kukaa pale pale stendi, penye taa na watu, hata kunakucha. Pikipiki ya saa tisa ya usiku isiyokuwa na kituo wala sare si usafiri, ni bahati nasibu. Na namba ya mwenyeji iandikwe katika karatasi, karatasi itiwe ndani ya pindo la nguo. Maana namba ikiwa katika simu tu, siku simu inapoibiwa mwenyeji naye huwa ameibiwa. Fedha zisikae mahali pamoja. Biskuti na soda ya jirani usiyemjua ndani ya basi ikataliwe kwa heshima. Wangapi wamekuja kuzinduka hospitali hawakumbuki hata jina la mji walimopandia?

Haya ni mashauri ya kawaida na kila mama huyajua. Hatukushika kalamu kwa ajili ya hayo peke yake. Twataka kusema juu ya wezi ambao hawakimbizwi.

Mwizi wa kwanza asiyekimbizwa ni dalali wa vyumba. Hatusemi madalali wote. Wapo wanaokula jasho lao. Twasema yule anayemchukua mgeni kutoka Darajani, akamzungusha Midizini na Uzuri, akamtoza fedha ya kuonyeshwa mlango, kisha akamtoza kodi ya mwezi mzima kuwa ujira wake, kisha akapokea kodi ya miezi sita kwa chumba ambacho jana amekwisha kukipangisha kwa watu wawili wengine. Siku ya kuhamia, wapangaji watatu hukutana mlangoni na magodoro kichwani. Dalali simu yake haipatikani.

Tumeyaona haya kwa macho yetu. Kijana mmoja aliyekuja mjini kufanya kazi ya kuchomelea vyuma alikuja kulala katika baraza ya ofisi yetu siku nne kwa sababu hiyo. Fedha zake zilikuwa za ng'ombe wa baba yake. Tulikwenda naye kutafuta haki; ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikatuambia hilo ni jambo la madai, aende mahakamani. Mtu asiye na nauli ya kurudi kwao aambiwa aende mahakamani!

Lakini hata dalali ni mtoto mdogo. Nani aliyeweka desturi ya kudai kodi ya miezi sita, na pengine ya mwaka, kwa mkupuo mmoja? Ilikuwapo zamani sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa chumba kimoja hana ngome. Matokeo yake ni nini? Ni kwamba mnyonge asiyejua njia za mji hulazimika kutembea na fedha za nusu mwaka ndani ya soksi, siku ile ile ambayo ni mgeni kuliko siku zote za maisha yake. Kibaka hana haja ya kuwinda. Mgeni ameletewa mlangoni kwake amenona. Wakubwa wakihubiri habari ya usalama wa raia, waanze hapa: mpangaji alipe mwezi kwa mwezi, na wizi huu utapungua pasipo risasi hata moja kupigwa.

Mpaka sheria hiyo ije, shika haya. Fedha ya kodi isiingie mkononi mwa dalali. Ilipwe kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na nakala ubaki nayo. Na kabla ya yote hayo, nenda katika nyumba ile jioni, bila dalali, umuulize mpangaji wa chumba cha pili. Mpangaji mkongwe hana sababu ya kukudanganya. Tena atakueleza na maji hutoka siku gani na mlango wa uani hufungwa saa ngapi.

Mwizi wa pili yumo mfukoni mwako. Tangu mwaka 2008 fedha zetu zilianza kupita katika simu, na ni jambo jema. Mzee wa Kasulu hupata fedha kutoka kwa mwanawe dakika ile ile. Lakini nani hajapata ujumbe ule: "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Tulipolazimishwa kusajili laini zote kwa alama za vidole mwaka 2020 tuliambiwa matapeli sasa kwisha kazi. Hawakwisha. Mgeni anakwenda kwa wakala wa barabarani chini ya mwavuli, aambiwa, "Weka kidole tena, haijasoma," naye anaweka mara tatu. Laini moja ni yake, na nyingine mbili zinakwenda kufanya utapeli kwa jina lake. Siku moja polisi wanagonga mlango wa mtu asiyejua lolote. Kila mtu abonyeze *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya tapeli ipelekwe 15040. Namba ya siri usimpe mtu, hata ajiite nani, hata ajue jina lako la ubatizo na la babu yako.

Juu ya wakopeshaji wa kausha damu hatutasema mengi leo. Jina walilopewa na akina mama limekwisha kusema.

Bali hatuwezi kupita bila kusema juu ya mabinti. Kila msimu wa njaa, na kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka, huenda mtu vijijini Iringa, Dodoma na Singida, mara nyingi ni mwanamke mwenye maneno matamu, akawaambia wazazi kwamba ana kazi ya ndani kwa watu wema mjini. Mtoto akifika huwekwa chumba kimoja na wenzake sita, huuzwa kama mzigo kwa nyumba inayolipa, na mshahara wa miezi ya kwanza humezwa na yule yule aliyemleta. Wengine hawafiki jikoni kwa mtu. Huishia katika vilabu na vyumba vya saa, nao wana miaka kumi na mitatu. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu ipo, na kazi hiyo inaiita kwa jina lake, biashara ya watu. Babu zetu walioiona Bagamoyo waliijua. Basi tusiambiane kwamba ni msaada wa jamaa. Mzazi asiyejua jina la mwenye nyumba, mtaa na mjumbe wa mtaa huo asimtoe mtoto wake, na jirani wa Manzese aonaye watoto wa kike wageni wakiingia na kutoka katika chumba kimoja asijifanye kipofu.

Sasa tuseme juu ya jambo linalotuuma zaidi, na hapa twasema na sisi wenyewe, wana-Manzese, si na Serikali.

Mtu hupiga kelele, "Mwizi!" Basi. Watu mia hutoka, na mawe, na magongo, na tairi. Hakuna aulizaye ameiba nini, ya nani, lini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihesabu watu wanaouawa namna hii mwaka baada ya mwaka, na kwa miaka kadhaa hesabu yake imekuwa ni ya mamia. Tunajua hasira inatoka wapi. Januari 2015 mji mzima ulifunga milango mapema kwa kuwaogopa vijana walioitwa Panya Road. Mwaka 2022 wakarudi, wakaingia nyumbani mwa watu na mapanga, watu wakajeruhiwa na wengine wakafa. Mwenye kupoteza mtu wake hatumhubirii upole. Lakini fikirini ni nani afaye katika tairi. Yule mwizi mwenye uzoefu ana wenzake, anajua vichochoro vyote mpaka Tandale, naye ndiye mara nyingine anayepiga kelele ya kwanza akionyesha kidole kwa mwingine. Anayebaki amesimama katikati ya uchochoro, hajui akimbilie wapi, hana mtu wa kusema "huyu namjua," ni mgeni. Yule yule tuliyesema twataka alindwe.

Katika Kiswahili cha zamani mhuni alikuwa ni mtu wa kutangatanga, asiye na wake wa kumsemea. Mwingereza akalichukua neno hilo akaligeuza kuwa kosa: Mwafrika asiye na kazi wala stakabadhi ya kodi alikamatwa mjini akarudishwa kwao, si kwa kuwa ameiba, bali kwa kuwa hana wa kumsemea. Tuliilaani amri ile. Kisha mwaka 1983, chini ya bendera yetu wenyewe, ikaja Nguvu Kazi, na wachuuzi wa karanga na mafundi viatu wakapakiwa katika malori pamoja na majambazi kana kwamba ni kitu kimoja. Wakapelekwa mashambani, wengi walirudi. Hatujisamehe kwa hilo. Na leo umati wenye tairi unafanya kazi ile ile bila lori wala hakimu.

Atauliza mtu: basi mwizi tumwache? La. Ashikwe, afungwe kamba, mjumbe aitwe, polisi waitwe kwa namba 112, na watu wawili watatu wakubali kwenda kutoa ushahidi. Hapo ndipo twashindwa. Kupiga tuna nguvu, kutoa ushahidi tuna shughuli. Mwizi akifikishwa mahakamani na shahidi asitokee, hakimu atafanya nini? Humwachia, nasi twarudi mtaani twasema polisi wamekula rushwa. Pengine wamekula, twajua wapo wanaokula. Lakini kesi ngapi zimekufa kwa sababu shahidi alikuwa anauza nyanya siku ile?

Nao polisi wasidhani tumewasahau. Ukutani mwa kituo imeandikwa kwamba dhamana ni haki na haina malipo. Ukuta unasema hivyo. Kaunta mara nyingine yasema vingine. Mgeni anayekwenda kueleza kuwa ameibiwa huulizwa "Wewe unakaa kwa nani?" kwa sauti inayomfanya ajione kuwa ndiye mshitakiwa. Huombwa fedha ya karatasi, fedha ya mafuta ya gari. Aliyechomwa kisu huzungushwa kutafuta fomu ya PF3 huku damu inamtoka. Mtu aliyetendewa hivyo mara moja hatakwenda kituoni mara ya pili, naye ndiye kesho atakayeokota jiwe. Mwenye kutaka kukomesha mauaji ya umati aanze kaunta.

Tuliwahi kuwa na njia bora. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka ubalozi wa nyumba kumi, na shabaha yake haikuwa kugawa kadi tu. Balozi alijua nani amelala nyumba gani. Mgeni akifika, mwenyeji alimpeleka kwa balozi jioni ile, akatajwa jina, kwao na kazi iliyomleta. Yalikuwamo makosa, wapo mabalozi waliokuwa masikio ya wakubwa, na wapo waliotaka kuku kwa kila barua. Lakini mgeni alikuwa na mtu wa kusema "huyu namjua." Mwaka 1990 Waziri wa Mambo ya Ndani, ndugu Augustine Mrema, akaleta katika mitaa ya Dar es Salaam sungusungu, desturi iliyoanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Doria zikatembea, wezi wakapungua kwa muda. Kisha pengine wale walinzi wakageuka kuwa wapiga watu na wakusanya fedha. Leo huitwa ulinzi shirikishi, na kila nyumba hutoa mchango wa mwezi.

Mchango huo twautoa. Twasema hivi: stakabadhi ziko wapi? Mitaa mingine vijana wa doria hawajalipwa, taa ya kona imekufa tangu masika, tochi hakuna, na daftari la fedha halijaonwa na mtu. Kijana wa doria asiyelipwa akiona kibaka apitaye na simu kumi, mwataka afanye nini?

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa Manzese, na wa Tandale, Mabibo na Mburahati wenye taabu ile ile, jambo dogo. Katika mkutano wa mtaa ujao, mtu mmoja asimame, mwanamke ikiwezekana, kwa kuwa wao ndio wanaotoka alfajiri kwenda sokoni, naye aulize mambo matatu kabla ajenda nyingine hazijasomwa: fedha za ulinzi za miezi sita iliyopita zimefanya nini, taa ya kona itawaka siku gani, tarehe itajwe, na daftari la wageni la mtaa liko kwa nani. Mwenyekiti akisema atajibu mkutano mwingine, ulizeni tena papo hapo, wala msikae chini. Na kama katika nyumba yenu amehamia mgeni wiki hii, mchukueni mje naye.